Kijerumani cha bure mtandaoni: unachopata, usichopata, na kwa nini wengi wanagota A1

Kuna swali naulizwa sana siku hizi, na juzi mdogo wangu kaniuliza tena kwa voisi noti ya dakika nne nzima: "Kaka, hivi naweza kujifunza Kijerumani bure mtandaoni mpaka nikapata cheti, au lazima nilipie darasa?" Jibu ni ndiyo na hapana, na najua jibu la hivyo linakera, ndo maana nimeamua niandike kwa urefu, maana ukweli wa hii kitu umejikunja kidogo na wanaouza kozi hawafaidiki chochote wakiukunjua.

Naongelea Kijerumani kwa sababu ndicho nilichosoma mimi, mwaka wa tatu sasa, kwa simu, nikiwa nauza duka la steshenari hapa Tanga, na siwezi kukuongopea kuhusu lugha ambayo haijanitesa. Halafu ndo lugha vijana wengi wa huku wanaikimbilia. Kenya walisaini makubaliano ya ajira na uhamiaji na Ujerumani Septemba 2024, ikasambaa kwamba kuna nafasi 250,000 zinasubiri watu, wizara ya mambo ya ndani ya Ujerumani ikatoka kukanusha kwamba makubaliano hayana namba hiyo wala namba yoyote, lakini nani alisoma kanusho? Watu walishaanza kusema guten Morgen kwenye magrupu ya WhatsApp.

Sasa kwanza uelewe unachokifukuzia. Ulaya wana ngazi sita za lugha, A1, A2, B1, B2, C1, C2, zilitolewa rasmi na Baraza la Ulaya mwaka 2001, na kila mtu anayekwambia "najua Kijerumani" inabidi umuulize ngapi. Anayemfuata mume au mke wake Ujerumani kwa kawaida anadaiwa A1. Au pair, yaani yule anayekaa na familia na kulea watoto, A1 pia. Ausbildung, yale mafunzo ya ufundi ambayo unasoma huku unafanya kazi na unalipwa, mara nyingi wanataka B1. Muuguzi anayetaka kutambuliwa kama muuguzi kamili, kwa kawaida B2. Kwa hiyo "kujifunza Kijerumani" sio safari moja, mmoja anaenda Muheza mwingine anaenda Kigoma, na wote wamekaa stendi wanauliza nauli bei gani.

Goethe-Institut, ambao ndo wenye mitihani inayojulikana zaidi na wana ofisi Dar na Nairobi, wanakadiria kufika A1 unahitaji vipindi kati ya 80 na 200 vya dakika 45, na kufika B1 jumla yake kuanzia sifuri ni 350 mpaka 650. Piga hesabu na mimi hapa, usiogope. Vipindi 350 ni kama saa 262, vipindi 650 ni kama saa 487. Ukisoma nusu saa kila siku bila kuruka, hata Idi, hata siku ya msiba, unafika B1 baada ya siku 525 ukiwa mwepesi na siku 975 ukiwa kama mimi. Yaani mwaka na nusu mpaka karibu miaka miwili na miezi minane. Anayekuahidi B1 ndani ya miezi mitatu anakuahidi saa tatu mpaka tano na ushee kwa siku, kila siku, na hajakwambia hivyo kwa sababu angekwambia usingelipa.

Mambo ya bure sasa. Watu wengi tunaanzia kwenye aplikesheni ile ya vimchezo, unagusa maneno, unapata nyota, inahesabu siku zako mfululizo na inakusuta ukiacha. Sikatai, mimi ilinivusha mwanzo, ilinifanya nisiogope. Nilifika siku 200 na kitu mfululizo, nikawa najiona. Siku moja akaingia dukani mzee wa Kijerumani, mtalii, ana pasi yake mkononi, akasema taratibu kabisa, "Können Sie das bitte zweimal kopieren?" Anaomba fotokopi mbili basi, sentensi ya kazi yangu mimi kabisa. Kila neno nilikuwa nishalikuta. Nikamwangalia. Kichwani ikaja "Der Apfel ist rot," tofaa ni jekundu, na nashukuru Mungu sikuisema. Nikajibu ja, nikatoa kopi moja.

Hapo ndo nilipokuja kuelewa kitu ambacho nadhani kingenisaidia tangu mwanzo, kwamba kutambua neno na kulitoa neno ni kazi mbili tofauti. Ukiwekewa maneno sita kwenye kioo uyapange, jibu liko mbele yako, wewe unalitambua tu, kama unavyomtambua mtu wa mtaani kwenu sura yake bila kujua jina. Kuongea ni kuitwa umtaje jina gizani. Vimchezo vingi vya bure vinafanya kazi ya kwanza vizuri sana na ya pili kidogo sana, na kwa kuwa vinakupa pointi unadhani unasonga. Unasonga kweli, ila kwenye reli nyingine.

Ukiichambua vizuri, lugha ina kazi kama nne hivi: kusikia mpaka sikio lizoee, kukusanya maneno na kutoyasahau, kuelewa sentensi inavyofungwa, na kutoa ya kwako mtu akakusahihisha. Mtandao wa bure umejaa kazi tatu za mwanzo, umejaa kuliko utakavyoweza kumaliza maisha yako yote. Ya nne ndo haba. Na kukwama kwingi nilikokuona, kwangu na kwa wenzangu, ni mtu anaendelea kujirundikia hizo tatu kwa sababu zinapatikana.

Kwa kusikia, kama bando lako ni la kubahatisha, anza na Deutsche Welle, na hii sio kwa sababu wazee wetu walikuwa wanaisikiliza kwa masafa mafupi, idhaa yao ya Kiswahili iko hewani tangu 1963. Ni kwa sababu kozi zao zote ni bure na huulizwi kadi ya benki. Ile ya video inaitwa Nicos Weg, kijana anatoka Hispania anatua Ujerumani begi lake linapotea, na inakupeleka kuanzia A1 mpaka B1, mazoezi yamo humohumo. Video inakula MB lakini. Kuna ya zamani ya redio inaitwa Deutsch – warum nicht?, mafungu manne, kila fungu masomo 26, sauti tupu na maandishi yake ya PDF. Hii unadaunlodi yote siku moja ukiwa mahali pana wai-fai halafu unasikiliza miezi kwenye daladala bila senti. Maneno mengine humo ni ya kizamani kidogo, haidhuru, sarufi haijahama. Na pia wana taarifa ya habari inayosomwa polepole, ukifika B1 ndo uiguse, kabla ya hapo itakuvunja moyo bure.

YouTube nako kuna Easy German, wanaingia mtaani Berlin na kipaza sauti wanauliza watu maswali, maandishi yanapita chini kwa Kijerumani na Kiingereza. Ndo utakaposikia watu wanavyomeza maneno kikweli. Shida yake, na shida ya karibu kila kitu cha bure, ni hayo maelezo ya Kiingereza. Sisi tunapanda mlima juu ya mlima. Unasoma Kijerumani kupitia lugha ambayo nayo uliisoma kwa fimbo, na mbaya zaidi Kiingereza kinakufanya uogope vitu ambavyo Mswahili hana sababu ya kuviogopa.

Hapa naomba nikae kidogo maana hapa ndo napapenda. Kila video ya kuelezea Kijerumani inaanza kwa kulia kuhusu der, die, das. Oh, majina yana jinsia tatu, meza ni mwanaume, mlango ni mwanamke, mtoto wa kike wala sio mwanamke, ajabu gani hii! Mzungu wa Kiingereza anashangaa kwa sababu kwake kila kitu ni the. Wewe ambaye tangu una miaka mitatu unasema kiti kikubwa kimevunjika, mti mkubwa umevunjika, jiwe kubwa limevunjika, na hujawahi kukosea wala hukumbuki ulijifunza lini, unashangaa nini? Hizo ni ngeli. Wana tatu, sisi tuna zaidi. Hakuna mtoto wa Tanga aliyejifunza neno "kiti" peke yake halafu baadaye akakariri kwamba liko KI-VI, alisikia "kiti hiki", "kiti changu", vikaja pamoja kama pacha. Basi ndo hivyohivyo, usikariri Tisch, kariri der Tisch. Usikariri Tür, kariri die Tür. Na wingi wake palepale, maana wingi wa Kijerumani nao hautabiriki, kama vile ufunguo na funguo. Ukimwambia Mwingereza kwamba jina linabeba ngeli yake inabidi umsimike akili upya, wewe unakumbushwa tu.

Kinachouma kweli ni kwamba hiyo der inabadilika kutegemea nani anafanya na nani anafanyiwa. Chukua hii: Ich gebe dem Mann den Schlüssel. Nampa yule bwana ufunguo. Mann ni der, Schlüssel ni der, lakini kwenye sentensi hakuna der hata moja, mpokeaji kageuka dem na kitu kinachotolewa kimegeuka den. Mwanzoni nilitaka kuitupa simu. Halafu nikaiangalia hiyo "nampa" yetu, hiyo M katikati inafanya nini? Inasema kuna mtu anapokea. Sisi taarifa ya nani anapewa tumeibana ndani ya kitenzi, wao wameibandika kwenye kijineno mbele ya jina. Kazi ileile, imehamishwa chumba. Tangu hapo kila nikiona dem najiuliza, hapa Kiswahili kingeweka M au -i-? Nimpe, nimwandikie, nimsaidie, nimjibu. Mara nyingi inalingana, helfen ni kusaidia na antworten ni kujibu na vyote vinataka dem. Sio kila mara, fragen, kuuliza, inataka den na sisi tunasema nimwulize, kwa hiyo usije ukaifanya sheria. Ila kama fimbo ya kutembelea inafaa.

Kitenzi kukimbilia mwisho hakina mjomba Uswahilini, hilo sikudanganyi. Ich komme nicht, weil ich morgen arbeiten muss, ni kama kusema siji, kwa sababu mimi kesho kufanya kazi lazima. Hiyo dawa yake ni kusikia sana tu, sikio likishazoea linaanza lenyewe kukisubiri kitenzi kama unavyosubiri kiitikio.

Matamshi, waliopita madrasa wana mtaji. CH ya Buch ni KH ya Khamisi kabisa, ile ya kooni, na namba zao zinasomwa kama za Kiarabu, ishirini na moja ni einundzwanzig, moja-na-ishirini, wahid wa ishrin. Nilikuwa nimeshayasahau hayo tangu chuoni kwa maalimu, yakarudi yenyewe. Ila kwenye kuandika namba ya simu jiangalie, ukisikia dreiundvierzig mkono unaandika 3 haraka halafu 4, kumbe ni 43. Na ü, wengi wanasoma u tu. Sema i, ulimi usiuondoe, kunja midomo kama unapuliza mluzi, basi. Usiidharau hii. Nilikaa karibu mwaka mzima nasema "Ich drücke den ganzen Tag" nikidhani nasema dukani nachapa siku nzima. Kuchapa ni drucken, bila nukta mbili. Drücken ni kubonyeza, au kusukuma, ndo neno linaloandikwa kwenye milango. Mwaka mzima nawaambia watu kazi yangu nabonyeza kutwa. Na aplikesheni niliyokuwa natumia, ukisahau nukta mbili inakusamehe, inakupa pointi zako, unaendelea na upotevu wako.

Aliyenishtua ni mama mmoja, mwalimu mstaafu wa huko kwao, yeye anajifunza Kiswahili. Tulikutana kwenye aplikesheni ya kubadilishana lugha, ziko kadhaa, Tandem na HelloTalk ndo maarufu, na hizi ndo njia pekee ya bure niliyoipata ya ile kazi ya nne kwa mdomo. Utaratibu ni nusu saa Kijerumani nusu saa Kiswahili, hakuna anayemlipa mwenzake. Naomba niseme ukweli, ukiingia humo kwa kila mmoja anayetaka lugha utakutana na watano wanaotaka mchumba na wawili wanaotaka umtumie hela kwa sababu amekwama uwanja wa ndege. Dada zetu ndo wanasumbuliwa zaidi. Mimi nilipitia watu kama 15 mpaka kumpata huyu mama, na nilijua ni mwenyewe kwa sababu meseji yake ya kwanza ilikuwa imejaa maswali kuhusu "-ki-" ya masharti.

Siku ya kwanza ya kupigiana ilikuwa Januari. Akaandika, tuonane halb drei. Halb ni nusu, drei ni tatu, nikasema rahisi, saa tatu na nusu yao, yaani 15:30, na majira ya baridi sisi tuko mbele saa mbili, kwa hiyo kwetu saa kumi na moja na nusu jioni. Nikafunga duka mapema, nikachaji simu, nikakaa. Kumbe halb drei sio tatu na nusu, ni nusu ya kuelekea tatu, 14:30, alinisubiri saa kumi na nusu akachoka akaenda kutembeza mbwa. Wiki iliyofuata akasema safari hii tuongee kwa saa ya Kiswahili ili tusikosane, akaandika "kesho saa nne". Nimekaa saa nne asubuhi kwenye simu, kimya, mteja anataka bahasha namwambia subiri. Yeye alimaanisha saa kumi jioni, alisoma namba ya saa akaitafsiri ilivyo. Tukawa droo.

Nimelieleza hilo kwa kirefu kwa sababu hakuna kozi ya bure iliyotengenezwa kwa Kiingereza itakayokuonya kuhusu halb drei na saa nne kwa pamoja. Halb wataeleza. Lakini kwamba saa yako wewe msomaji inaanzia kuchwa na kucha, na ya kwao usiku wa manane, halafu kuna tofauti ya nchi inayobadilika kutoka saa mbili hadi moja wao wakiingia majira ya joto, hiyo hesabu ya ngazi tatu ni yako peke yako.

Turudi kwenye maneno, kutokusahau. Kuna Mjerumani anaitwa Hermann Ebbinghaus, mwaka 1885 alitoa kitabu baada ya kujifanyia majaribio mwenyewe, anakariri silabi zisizo na maana halafu anapima amesahau kiasi gani, akakuta tunasahau haraka mno mwanzoni halafu kasi inapungua. Maana yake ukilirudia neno kabla halijapotea, halafu ukarudia tena baada ya muda mrefu zaidi, na tena mrefu zaidi, linakaa. Programu ya Anki imejengwa juu ya wazo hilo, kwenye kompyuta na Android ni bure, kwenye iPhone wanatoza. Ukijibu kadi kwa urahisi inakuletea baada ya siku nyingi, ukikosea inakurudishia leoleo. Kama simu yako inagoma, fanya nilivyofanya mimi, kata manila vipande, mbele Kiswahili nyuma Kijerumani na der yake na wingi wake, tafuta maboksi matano ya viatu. Ukipatia kadi inahamia boksi linalofuata, ukikosea inarudi la kwanza. La kwanza unalipitia kila siku, la pili kila baada ya siku mbili tatu, la mwisho mara moja kwa mwezi. Na uandike kadi zako mwenyewe, usidaunlodi mafungu ya watu, la kwangu la kwanza lilikuwa na maneno 4,000 na neno la tisa lilikuwa "bunge". Kadi yangu ya kwanza kuandika ilikuwa die Schule, shule, nikacheka peke yangu, maana hilo tulilichukua kwao enzi za utawala wao huku, kama tulivyochukua hela kutoka heller, ile sarafu yao ndogo. Kumbe nilikuwa na maneno mawili kabla sijaanza.

Akili mnemba je, hizi programu za kuchati? Nazitumia. Unaandika aya, unaiambia nisahihishie na unieleze kila kosa kwa Kiswahili, inafanya, na ni bure mpaka kiwango fulani. Matatizo mawili. Inaelewa kila kitu, hata ukiandika uchafu inaelewa ulichotaka kusema na inakujibu vizuri, wakati karani wa ofisi ya Leipzig hatakuwa mpole hivyo. Na pia kuna wakati inakueleza sheria ya sarufi ambayo haipo, kwa sauti ya uhakika kama mganga. Kwa hiyo naitumia kukagua, ila ikiniambia kitu kigeni naenda kuhakiki kwingine. Wala haikusubiri saa kumi na nusu ikachukia usipotokea, na mimi nadhani kule kuchukiwa kidogo ndo kulikonifanya nisiache.

Kuna sehemu nyingine nimeijua nikiwa nimeshachelewa na inaniuma, inaitwa vhs-Lernportal, ni ya vyama vya elimu ya watu wazima vya Ujerumani. Kozi kamili kuanzia A1 mpaka B2, bure, na wana walimu mtandaoni wanaosahihisha baadhi ya kazi za kuandika. Binadamu, anasahihisha, bure. Haina vimuziki wala nyota ndo maana hakuna anayeisambaza kwenye magrupu. Kinachosambazwa kwenye magrupu ni PDF za vitabu vya watu zilizopigwa picha zikapinda, na kuna jamaa wanaziuza, wanauza pia link za kozi za Deutsche Welle kwa elfu kumi. Link ya kitu cha bure.

Na cheti. Hapa bure inaisha, tusidanganyane. Hakuna cheti cha aplikesheni ambacho ubalozi utakipokea, mtihani unafanyia kituoni, na kitambulisho chako, na ada yake. Lakini mtihani hauulizi ulisomea wapi, mtu binafsi anajisajili kama aliyekaa darasani, na mitihani ya mfano iko bure kwenye tovuti ya Goethe-Institut, pamoja na sauti na majibu. Ichape, weka saa, jifungie. Wa B1 umegawanyika vipande vinne, kusoma, kusikiliza, kuandika, kuongea, kila kipande unahitaji alama 60 kati ya 100, na unaweza kufanya kimojakimoja ukirudia ulichofeli tu. Kwa hiyo hesabu yako ya "bure" iwe hivi: bando, ada ya mtihani, nauli ya Dar na mahali pa kulala siku hiyo. Ada ya darasa ndo iliyotoka.

Mimi nilikwenda mwaka huu. Kusikiliza nilipata vizuri kuliko nilivyotegemea, miezi yote ile ya daladala na masikio yameziba. Kusoma nilipita. Kuongea nilipita, na nilipoulizwa kazi yangu nilisema drucken nikiwa nimekaza midomo kweli isije ikakunjika. Kuandika nikapata 54. Ukikaa ukafikiri haishangazi, miaka miwili na nusu nilisikia, nilisoma, niliongea kila Alhamisi na yule mama, na sikuwahi kumwandikia mtu barua hata moja akairudisha na wino mwekundu. Nimejiandikisha kurudia hicho kipande tu. Kila jioni nikifunga duka naandika sentensi kumi, nawatumia wale wa vhs kazi zao, nyingine anakagua mama. Jana amenirudishia, makosa 11, saba ni ya dem na den, na chini ameniuliza kwa Kiswahili chake kwa nini tunasema "ninamwogopa mbwa" na sio "ninaiogopa mbwa" wakati mbwa yuko kwenye ngeli ya N. Bado sijamjibu, natafuta pa kuanzia.